Komoro: Mvua Balaa, Bahari Kila Upande, Lakini Kisiwa Kikubwa Hakina Hata Mto Mmoja

Unakumbuka Novemba 2020? Harambee Stars walitoka sare ya 1-1 na Komoro hapa Kasarani. Siku nne baadaye wakaenda Moroni wakachapwa 2-1. Kama wewe uko kama mimi, swali lako la kwanza halikuwa kuhusu kocha. Lilikuwa: kwani hii Komoro iko wapi?

Hao wasee hawakuishia hapo. Walifuzu AFCON yao ya kwanza kabisa, na Januari 2022 kule Kameruni wakapiga Ghana 3-2 na kuwarudisha nyumbani mapema. Nchi nzima ukiipima ni kama Nairobi tatu hivi, na hata hazifiki.

Leo wacha nikupeleke huko. Usiogope, mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo hapa hakuna mtihani. Kuna kitu moja tu nataka ushike: Komoro, jiwe ulilokanyaga ndilo linaamua maisha yako. Linaamua kama una mto, kama una shamba, kama una ufuo wa mchanga, na kama mathe wako ataamka saa kumi usiku kutafuta maji.

Kwanza, iko wapi?

Chukua ramani ya Afrika. Shuka Mombasa, pita Zanzibar, pita Mtwara, halafu ukate kushoto uingie baharini. Kati ya Msumbiji na Madagaska kuna mlango mkubwa wa bahari. Pale juu kabisa mlango unapoanzia, kuna visiwa vinne vimejipanga kama vitone vya wino. Kutoka hapo hadi pwani ya Msumbiji ni kama kilomita 300, na ukienda upande wa Madagaska ni karibu hivyo hivyo. Saa yao ni ile yetu, kwa hivyo ukipigia msee wa Moroni simu saa mbili usiku, kwake pia ni saa mbili usiku.

Majina ya visiwa kutoka magharibi kwenda mashariki ni haya: Ngazidja, ambacho ni kikubwa na ndiko mji mkuu Moroni uko. Mwali, kidogo kabisa. Nzwani, chenye umbo la pembetatu. Halafu Maore, ambacho wengi wanakijua kama Mayotte. Ukienda Mombasa ama Lamu na uulize wazee kuhusu Wangazija, watakuambia ni watu wa huku huku. Wamekuwa wakija na kuoana na watu wa pwani yetu kwa karne nyingi. Lugha yao, Shikomori, ni ndugu wa Kiswahili. Ukiskiza haraka hushiki kitu, lakini ukitulia unaanza kuokota neno moja moja.

Komoro ilipata uhuru kutoka kwa Ufaransa tarehe 6 Julai 1975. Lakini Maore walipiga kura kubaki na Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Serikali ya Moroni haijawahi kukubali. Cheki bendera yao uhesabu nyota: ziko nne, si tatu.

Visiwa vinne, umri tofauti

Hivi visiwa vyote vilizaliwa na volkano kutoka chini ya bahari. Lakini havikuzaliwa siku moja. Ngazidja ndiyo kitinda mimba. Maore ndiyo wa kwanza kuzaliwa, mzee kabisa. Hao wengine wawili wako katikati.

Sasa volkano ni kama binadamu. Ikiwa changa ni ndefu, nyeusi, moto na haitabiriki. Ikizeeka, mvua na upepo vinaikwangua miaka na miaka. Mlima unafupika, mabonde yanachimbika, mawe yanaoza na kuwa udongo, na pembeni matumbawe yanajenga ukuta baharini. Ndio maana Ngazidja ina mlima mkubwa na pwani nyingi za mawe meusi makali, na Maore ina vilima vya upole na ziwa kubwa la bahari lililozungukwa na matumbawe, moja ya makubwa zaidi duniani.

Kwa hivyo ukipanda mashua Moroni ukaelekea mashariki hadi Maore, unapita kwenye maisha ya kisiwa kutoka ujana hadi uzee. Na stori ya maji inabadilika kila ukishuka.

Ngazidja: mvua mob, mto zero

Sasa hapa ndio kuna maajabu. Moroni inapata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Nairobi, hata ile miaka tunalia mafuriko, kawaida yetu ni karibu 1,000. Yaani hao wanapata zaidi ya mara mbili ya yetu. Lakini zunguka Ngazidja yote, kisiwa cha zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na hutapata mto wa kudumu hata mmoja.

Maji yanaenda wapi? Yanaenda chini.

Lava changa imejaa nyufa na matundu kama sponji. Mvua ikinyesha, haipati udongo mzito wa kuizuia itiririke juu. Inazama papo hapo. Na kama unadhani hii ni kitu ya mbali, fikiria Chyulu Hills hapa kwetu. Chyulu pia ni volkano changa. Juu huko mvua inanyesha lakini mito hakuna, maji yanazama kwenye mawe, yanatembea chini kwa chini, halafu yanabubujika Mzima Springs. Hayo maji ya Mzima yanavutwa na bomba hadi Mombasa. Kwa hivyo kuna wasee wa Mombasa wanakunywa mvua ya Chyulu kila siku bila kujua.

Tofauti ni hii: Chyulu iko bara, kwa hivyo maji yanatokea mahali mtu anaweza kuyachota. Ngazidja imezungukwa na bahari, kwa hivyo maji mengi yanatokea pwani kabisa, mengine chini ya maji ya bahari yenyewe. Mvua ya Mungu inapita chini ya nyumba yako na kuingia kwenye chumvi.

Kuna yale yanayobaki chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo yanaelea juu yake ndani ya mawe. Unaweza kuchimba kisima karibu na pwani ukayapata. Lakini ukivuta kwa pupa, maji ya bahari yanapanda kujaza nafasi, na kisima kinaanza kutoa maji ya chumvi. Visima vingi vya pwani vina hiyo ladha. Na kama kijiji chako kiko juu mlimani, kuchimba hadi huko chini ni hesabu nyingine kabisa.

Sasa watu wanaishije? Wanavuna mvua. Nyumba nyingi za vijijini ziko na tenki la simiti linalopokea maji kutoka kwa paa. Msimu wa mvua tenki linajaa, na mvua ikiisha unaanza kuhesabu. Likikauka kabla mvua irudi, unanunua maji ya lori. Hii ya kuhesabu mitungi hatuhitaji kufunzwa na mtu, ama namna gani? Tofauti ni kwamba sisi tunalaumu mfereji. Wao hata ule mto wa kuchota hawana.

Karthala: jirani mwenye hasira

Mlima wa Ngazidja unaitwa Karthala, mita 2,361. Kwa urefu ni karibu na Ngong Hills, ambayo inafika 2,460. Lakini Ngong unaianza ukiwa tayari juu, umeshuka kwa mat. Karthala inaanzia miguu ikiwa kwa bahari. Na ni moja ya volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi upande huu wa dunia: zaidi ya mara 20 tangu karne ya 19.

Watu wakisikia volkano wanafikiria ule mto wa moto kwenye filamu. Lakini shida ya Novemba 2005 ilikuwa majivu. Karthala ililipuka, majivu yakaenda angani halafu yakashuka polepole juu ya vijiji na mji. Yalishukia wapi? Kwa paa. Na paa ndiyo inajaza tenki. Kwa usiku mmoja, maji ambayo familia ilikuwa imeyaweka ya miezi yakaharibika. Nyumba haijaungua, ng'ombe hajakufa, lakini huna cha kunywa. Misaada ya maji ikabidi iletwe.

Ndio unaona hesabu ya kisiwa kichanga. Mlima ule ule uliokunyima mto ndio unaweza kukuchafulia hata ile mvua umejiwekea.

Na bado watu hawahami, kwa sababu mlima pia unalisha. Miteremko yake iko na msitu na mashamba ya ndizi, vanila na karafuu. Hata chini ya maji iko na kazi. Kwenye mapango ya lava nje ya pwani ya magharibi ndiko anakaa gombessa, samaki ambaye wanasayansi waliamini alikufa pamoja na dainosaria. Mmoja alipatikana Afrika Kusini mwaka 1938, wa pili akavuliwa Komoro mwaka 1952. Wanasayansi wakashangaa dunia nzima. Wavuvi wa Komoro walikuwa tayari na jina lake.

Kashkazi na kusi: upepo wetu, tabia tofauti

Kama umekulia pwani unajua kaskazi na kusi. Komoro wanasema kashkazi na kusi, na mwaka wao umegawanywa hapo hapo. Kashkazi ni kuanzia Novemba hadi Aprili: joto, unyevu, mvua. Kusi ni Mei hadi Oktoba: hewa kavu kidogo, usiku wa baridi baridi. Pwani joto la mchana huwa kati ya 27 na 31 karibu mwaka mzima, kwa hivyo koti liache nyumbani, isipokuwa unapanda Karthala.

Lakini subiri. Kwetu Januari ni jua kali, watu wako Diani wanaungua mgongo. Kwao Januari ndiyo mvua yenyewe. Si ni upepo ule ule?

Ni ule ule, lakini umesafiri. Mwezi wa Desemba na Januari jua limehamia kusini mwa ikweta. Hewa ya huko inapata moto na kupanda juu, kwa hivyo upepo unavutwa kutoka upande wa Asia na Arabuni. Ukifika Kenya bado ni mkavu, unatoka kaskazini mashariki. Halafu unavuka ikweta, na kwa sababu dunia inazunguka, unapindishwa na kuanza kutokea kaskazini magharibi. Njiani umekunywa maji ya bahari ya moto siku nzima. Ukifika Komoro na kugonga mlima, unapanda, unapoa, unamwaga kila kitu.

Kuna mkanda wa mvua unaofuata jua kwenda na kurudi mwaka mzima. Ukipita kwetu kwenda kusini tunapata vuli, ukirudi tunapata masika. Katikati ya hapo, Januari, mkanda uko kwao. Ni kama kuomba jirani sufuria: ikiwa kwake haiwezi kuwa kwako.

Na kusi je? Huo unatoka kusini mashariki, na Madagaska yote iko njiani. Unyevu mwingi unaachwa kwenye milima ya Madagaska, Komoro wanapata mabaki. Hiyo ndiyo miezi ya kugonga tenki kwa knukli na kuskiza kama bado iko na kitu.

Nzwani: mito ilikuwepo

Vuka sasa uende Nzwani. Hiki ni kisiwa cha umri wa kati. Mawe yameshaoza kiasi, udongo upo, maji yanaweza kutiririka juu ya ardhi. Kwa hivyo Nzwani ilibarikiwa na mito, mingi tu, ikishuka kutoka mlima Ntringui wenye mita 1,595.

Nimesema ilibarikiwa. Mito mingi iliyokuwa inatiririka mwaka mzima sasa inakauka kusi ikifika.

Nzwani ni ndogo, watu wamebanana, na miteremko ni mikali kama ngazi. Watu wakikosa ardhi bondeni wanapanda juu, wanakata msitu, wanapanda mihogo na ndizi. Halafu kuna ua la langilangi. Komoro ni kati ya wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta yake, yanayoingia kwenye marashi ya bei ya Paris. Kutoa hayo mafuta unachemsha maua kwa masaa mengi, na moto ni wa kuni. Kuni zinatoka msituni.

Msitu wa mlimani unafanya kazi mbili. Unanasa ukungu na mawingu, na unafanya mvua izame polepole ili itoke kwa mto miezi baadaye. Ukiuondoa, mvua inateremka yote siku moja, inabeba udongo, inaupeleka baharini na kufunika matumbawe. Siku ya pili mto umekauka. Wakati huo huo popo wa Livingstone, mwenye mabawa yanayofika karibu mita moja na nusu na anayepatikana Nzwani na Mwali tu duniani kote, anapoteza miti ya kulala.

Kwa hivyo Ngazidja ilinyimwa mito na jiwe. Nzwani ilipewa, na inaipoteza kwa panga na njaa. Usihukumu haraka lakini. Mtu anayekata mti ili watoto wale leo haoni mto wa mwaka 2040, anaona sufuria.

Mwali: ndogo, kijani, tulivu

Mwali watu ni wachache, msitu bado upo na mito bado inapita. Mwaka 2001 walianzisha hifadhi ya bahari, na vijiji vyenyewe vilihusika kuilinda. Pale Itsamia kobe wa baharini wanapanda ufuoni kutaga mayai, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi wanakuja na watoto wao. Ukitaka kuona Nzwani ilifanana vipi kabla ya panga, nenda Mwali.

Maore: mzee ambaye hajalala

Kati ya Nzwani na Maore ni kilomita 70 tu. Lakini upande mmoja ni Komoro, upande mwingine ni Ufaransa, na tangu 1995 unahitaji visa kuvuka. Watu wanavuka usiku kwa boti ndogo zinazoitwa kwasa-kwasa, jina la ile densi ya Kongo, kwa sababu boti inayumba vile vile kwa mawimbi. Wengi sana wamezama kwenye hizo kilomita 70. Wanatafuta hospitali, shule, kazi. Wengine walikuwa wakulima wa miteremko ile isiyo na udongo tena.

Na usidhani Maore ni salama. Mwaka 2018 ardhi ilianza kutetemeka miezi na miezi. Mwaka 2019 wanasayansi wakaenda na meli kucheki, na karibu kilomita 50 mashariki ya kisiwa wakapata volkano mpya imeota chini ya bahari, zaidi ya mita 800 kwenda juu. Waliipa jina Fani Maoré. Kisiwa mzee, moto mpya. Halafu 2023 ukame ukafanya mifereji ya Maore ifungwe kwa zamu, pasipoti ya Ulaya na jerikeni mkononi.

Vimbunga vinapita wapi?

Vimbunga vya huku vinazaliwa Bahari ya Hindi, wakati wa kashkazi. Kwa miaka mingi Madagaska ilikuwa ngao, inapokea kipigo kwanza. Kenya yetu inaokolewa na kuwa karibu na ikweta, kwa sababu hapo ule msukumo wa dunia unaozungusha upepo ni hafifu. Komoro wako digrii 11 hadi 13 kusini, pale mlangoni.

Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita kwa kuchunga kaskazini ya Ngazidja, kikabomoa nyumba na mashamba, kesho yake kikapiga Msumbiji. Tarehe 14 Desemba 2024 Chido ikaangukia Maore na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mitaa ya mabati ya wahamiaji ililala chini yote. Wengi waliokuwa ndani ya hayo mabati walikuwa wamevuka na kwasa-kwasa.

Sasa turudi kwa maji

Mwaka 2018 Green Climate Fund ilipitisha mradi mkubwa wa maji Komoro: visima vya kina, matenki, na kulinda misitu ya vyanzo. Ukiangalia vizuri, ni majibu tofauti kwa visiwa tofauti. Ngazidja inataka pampu na tenki lenye mfuniko, kwa sababu jiwe lake haliwezi kubadilishwa. Nzwani inataka miti irudi, kwa sababu jiwe lake lilikuwa sawa tangu mwanzo.

Kwa hivyo siku Stars wakipangwa tena na Komoro na mtu kwa base aulize hao ni akina nani, mwambie ni majirani zetu wa kusini, Wangazija, wenye volkano moja yenye hasira na mvua mara mbili ya yetu. Na mwambie mtoto wa huko, mechi ikiisha na mvua ikaanza kugonga mabati, hakimbilii ndani kwanza. Anakimbia kucheki kama mfereji wa paa umeelekea kwa tenki.